Mama Kiti na Meno Mawili ya Dhahabu

Padri wetu, ndugu wa ukoo wa Skeberdis na wa Trainys, majirani, walimu na wanafunzi mliotoka mbali, familia imemteua Zenonas Trainys, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na kabla hajaanza anaomba radhi kwa jambo moja, kwamba marehemu alikuwa kiguu na njia tangu utotoni, hakukaa kitako hata mezani, kwa hiyo historia yake nayo haitatulia sana, na mkimwona msomaji anageuka kulitazama jeneza mjue hofu yake ni kusahihishwa tu.

Marehemu Leokadija Skeberdienė, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Trainytė, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika kijiji kilicho karibu na Luokė, wilaya ya Telšiai, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa seremala Kazimieras Trainys na mkewe Petronėlė, na inasemekana mkunga alipofika na gari lake la farasi, akakung'uta theluji kwenye buti na kuomba maji ya moto, mtoto alikwisha kuzaliwa na tayari analia kwa hasira, akawa hivyo hivyo hadi mwisho, hakuweza kumsubiri mtu.

Hapa ni lazima mama yetu Petronėlė aelezwe kidogo, maana bila yeye historia hii haina mguu wa kusimamia. Mama ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za Milima katika parokia yetu, zile nyimbo ndefu za mateso zinazoimbwa kando ya marehemu kabla ya maziko, na wale wenye umri wa msomaji wanaikumbuka sauti yake ilivyokuwa ikipanda juu ya matarumbeta ya wanaume bila kujikaza, na wanayakumbuka pia meno yake mawili ya mbele, yaliyovalishwa dhahabu, yaking'aa kila alipofungua kinywa kuanza ubeti. Dhahabu ile ilitokana na sarafu ya zamani ya enzi ya mfalme wa Urusi, aliyopewa na baba yake siku ya harusi, akaificha kwenye kibuyu cha mbegu za kitani wakati wa vita, kisha wakati wa ushirika wa lazima, serikali ilipochukua mashamba na mifugo na watu walipokuwa wakipekuliwa hadi chini ya vitanda, mwaka 1953 akaipeleka kwa fundi wa meno, akaiyeyusha, ikageuka vifuniko viwili juu ya meno mazima yasiyo na tatizo lolote. Siku hizi mtu akisikia hivyo anacheka, lakini kwetu wakati ule mwanamke mwenye dhahabu kinywani alikuwa mtu, na mama alipenda kusema, "Ng'ombe wameandikisha, farasi wameandikisha, waje basi wanifungue kinywa."

Marehemu alisoma shule ya Luokė kuanzia mwaka 1958, akahitimu sekondari mwaka 1969, akaenda shule ya uuguzi mjini Šiauliai na kumaliza mwaka 1971, akarudi na kuajiriwa katika kliniki ya meno mjini Telšiai, ambako kwa miaka ishirini na mitano alikuwa msaidizi wa daktari, kazi yake kuchanganya dawa ya kuzibia, kushika taa, kumshikilia mgonjwa mabega na kumwambia ateme, na alikuwa akirudi nyumbani amechoka, lakini hajachoka kusimama, amechoka kunyamaza, kwa sababu msaidizi siku zile hakuulizwa neno.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa katika kanisa la Luokė na Bronislovas Skeberdis, fundi umeme, mtu mpole aliyejua kusubiri kwa niaba ya wote wawili, na Mungu akawajalia watoto, Laimonas aliyezaliwa mwaka 1975 na Jolita aliyezaliwa mwaka 1979, ambao wako hapa mbele yetu pamoja na wajukuu. Bronislovas alikuwa akisema kwamba katika ndoa yao alinunua viti sita, akatumia kimoja, na vinne vya wageni, na kimoja hakijapata kumjua mkewe.

Mwaka 1996, nchi ikiwa imeshapata uhuru wake na mambo mengi yakianzishwa upya, chuo kimoja cha afya mjini Kaunas kilitangaza kozi ya wataalamu wa usafi wa kinywa, kazi ambayo kwetu haikuwa ikijulikana, na marehemu, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, aliacha kazi, akapanga chumba, akaenda kukaa darasani na wasichana wa miaka kumi na tisa. Ndugu wengine walimcheka, na mdogo wake ndiye aliyeongoza, akamwuliza kwenye meza ya Krismasi, "Dada, utasomea kupiga mswaki? Sisi wengine tulifundishwa bure." Marehemu alimjibu akiwa amesimama na bakuli la samaki wa chumvi mkononi, "Ulifundishwa bure ndiyo maana hujui, Zenonas, hebu cheka tena tukuone vizuri." Tangu siku hiyo Zenonas alicheka mbele ya dada yake amefunga mdomo.

Na kweli masomo yalimbadilisha, hakuna anayebisha. Alijifunza kwamba ule utando laini unaojijenga kwenye jino ukiachwa unakuwa mgumu kama saruji, kwamba ufizi unaotoka damu ni ufizi mgonjwa, kwamba ugonjwa mwingi aliokuwa akiutazama kwa miaka ishirini na mitano akiwa ameshika taa ungezuiwa, na hilo lilimpa furaha na hasira kwa pamoja, akawa kama mtu aliyepewa miwani uzeeni. Walimu wa wakati ule walifundisha kwa moto, walikuwa na nchi nzima ya vinywa vilivyoharibika ya kuokoa, na wanafunzi wakatoka darasani wakiamini kwamba kinywa kichafu kina mwenye uvivu nyuma yake, na kwamba kazi yao ni kumwonesha mvivu huyo kioo mpaka aone haya. Marehemu alikuwa wa kwanza kuamini. Akija nyumbani mwisho wa wiki alitutafuna sisi kabla ya chakula, alimpaka mjomba dawa ya rangi inayoonesha uchafu, mjomba akakaa na meno mekundu kama aliyekunywa supu ya viazisukari vyekundu kutwa nzima, na padri wa wakati ule, Mungu amrehemu, alianza kuhubiri ametazama dirishani.

Ikafika Pasaka ya mwaka 1998. Mama alikuwa akicheka kwa sababu katika mchezo wa Pasaka wa kugonganisha mayai yai lake lilikuwa limevunja mayai ya kila mtu mezani, na marehemu akamwona. Aliona ufizi uliovimba kuzunguka zile dhahabu, akamsogeza dirishani, akamgusa kidogo, damu ikatoka. Mama alisema, "Acha, mwanangu, hauniumi." Marehemu akasema, "Mama, huo ni uozo uliofunikwa kofia ya dhahabu." Baba hakuwapo tena, alikuwa amefariki mwaka 1989, na hakukuwa na mtu wa kumwambia Leokadija nyamaza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na elimu ile, na tulikuwa tukijivunia, hata Zenonas alimwambia mama, "Msikilize, amesomea." Mama aliuliza swali moja tu, akauliza, "Na kuimba?" Marehemu akamjibu kwamba ataimba vizuri zaidi akiwa na kinywa safi.

Mwezi Mei mwaka huohuo vifuniko viliondolewa. Ilionekana kwamba yule fundi wa mwaka 1953 alikuwa ameyachonga mno meno ya chini yake, yakabaki njiti, moja likavunjika wiki ileile na la pili likang'olewa baadaye, na mama akatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua, meupe, yaliyopangika, mazuri kutazama. Fizi za mama zilipona kabisa. Daktari alimpongeza marehemu kwa macho yake makali, na baada ya kujua yaliyofuata, pongezi ile ndiyo iliyomkaa kooni maisha yake yote.

Yaliyofuata ni kwamba mwezi Oktoba jirani yetu alifariki, mama akaitwa kuongoza Milima kama kawaida, akakaa kwenye kiti cha mwanzo wa meza, akafungua kitabu, na kwenye wimbo wa tatu, pale sauti inapotakiwa kupanda, meno yale yakamdondokea ulimini, ukasikika mlio, na mtu mmoja mlangoni akacheka, si kwa ubaya, alicheka tu kama watu wanavyocheka. Mama alifunga kitabu, akamkabidhi mwanamke wa pembeni, akamalizia kukaa pale kimya hadi mwisho kwa heshima ya jirani, na hakuongoza tena, na baada ya muda hakuimba tena kabisa, hata akikamua ng'ombe. Siku ya Watakatifu Wote, marehemu alipokuja nyumbani kuwasha mishumaa makaburini, mama alimtolea kiberiti kitupu chenye vile vifuniko viwili ndani, akamwambia, bila ukali wowote, "Chukua, mwanangu, wewe ndiye uliyevitaka."

Marehemu alihitimu masomo yake mwezi Juni 1999 akiwa wa kwanza darasani, mama akahudhuria, akapigwa picha amefunga mdomo. Mama alifariki tarehe 11 Novemba 2000. Kwenye Milima yake waimbaji walijitahidi, Zenonas alipiga tarumbeta, na Leokadija hakuingia ndani, alitembea ukumbini na uani tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, akirekebisha koti moja moja kwenye misumari, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwona tena ndani ya chumba kinachoimbwa Milima. Alikuwa akifika kwenye kila msiba, anapika, anaosha vyombo, anawasha magari ya watu, lakini wimbo ukianza hayupo.

Mwaka 2001 chuo kilekile kilimwita afundishe mafunzo ya vitendo, na alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2018, na hapa familia inawashukuru wanafunzi wake waliotusimulia mambo ambayo sisi hatukuyaona. Siku ya kwanza ya kila mwaka marehemu aliingia darasani na kile kiberiti, akavimwaga vile vifuniko juu ya meza, akawauliza wanafunzi wanaona nini. Mmoja angesema anaona kazi mbaya ya fundi, mwingine kwamba anaona mahali pa bakteria kujificha, na mwaka 2004 msichana mmoja wa Kaunas kwenyewe, Vaidilė Juknaitė, mwepesi wa akili na wa ulimi, alisema, "Ushamba, mwalimu," darasa zima likaangua kicheko. Marehemu hakumkaripia. Aliuliza tena, "Watu wana meno mabaya kwa nini?" Vaidilė akajibu bila kusita, "Kwa uvivu." Marehemu akasema, "Vizuri, hata mimi nilifaulu mtihani kwa jibu hilo," akaanza kuwaeleza sarafu, kibuyu cha mbegu, Milima, na mlio ule wa meno kudondoka, na wanasema darasa lilipotoka Vaidilė alibaki akibishana naye mlangoni kwamba ufizi ulikuwa mgonjwa na mgonjwa hatibiwi kwa nyimbo. Marehemu alimwambia, "Ulikuwa mgonjwa, ndiyo. Nilikuwa sahihi kuhusu ufizi. Sikumwuliza mwenye ufizi kinywa chake kinamfanyia kazi gani."

Swali hilo akalifanya sheria. Katika kliniki ya mafunzo hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuvaa glovu, wala kugusa chombo, wala kuwasha taa, kabla hajavuta kiti, akaketi uso kwa uso na mgonjwa, akamwuliza kinywa chake kinamfanyia kazi gani. Aliyeuliza amesimama aliambiwa atoke nje, abishe hodi, aanze upya. Yeye mwenyewe, ambaye hakuwahi kukaa, alizunguka chumba kizima akisukuma vigoda kwa mguu nyuma ya magoti ya wanafunzi mpaka wakakunjika wenyewe, ndipo wakamwita Mama Kiti, jina alilojifanya hajalisikia.

Ndugu zangu, watu walijibu mambo. Mwanamke mmoja alisema kinywa chake kinafanya kazi ya kuuza samaki sokoni, na hawezi kunong'ona. Dereva wa lori alisema sigara ndiyo inayomweka macho hadi Ujerumani. Bibi mmoja alisema kinywa chake hakina kazi tangu mumewe afe, na mwanafunzi aliyekuwa amejiandaa kumhubiria juu ya uzi wa kusafishia meno akauweka uzi pembeni, wakazungumza kwanza juu ya mume. Mdogo wa marehemu naye alilazimishwa kulala kwenye kiti cha wagonjwa ili wanafunzi wajifunzie, msichana akamwuliza kwa adabu, "Mzee, kinywa chako kinakufanyia kazi gani?" naye akajibu, "Kupiga tarumbeta misibani na kumdanganya mke wangu," na yule mtoto wa watu, kwa sababu sasa alijua habari za tarumbeta, akalishughulikia jino lake la mbele kwa uangalifu mkubwa, na ndilo alilopuliza nalo jana.

Wanafunzi walikuwa wakisema kwamba walioingia mwaka wa kwanza wakiona watu wavivu, mwaka wa tatu walitoka wakiona watu. Lakini marehemu hakuwaamini. Alijua masomo yanavyomgeuza mtu, kwa kuwa yalimgeuza yeye, na aliogopa kwamba yanaweza kumgeuza mtu mara mbili, kwamba wakishamwacha, wakishaingia kwenye vyumba vya kazi ambako wagonjwa wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine, kiti kitarudi ukutani na swali litasahaulika. Mkuu mmoja wa idara, ambaye familia haimtaji, alimwambia swali hilo halimo kwenye mtihani na linakula muda, wakagombana hadi milango ikasikika. Hofu hiyo haikumwachia usingizi, ilimfuata hata baada ya kustaafu, na ilipomzidi, akafanya jambo ambalo familia imejadiliana kama lisomwe mbele ya padri, na imekubaliana lisomwe.

Alimfanya mdogo wake mpelelezi. Bronislovas, aliyefariki tarehe 2 Februari 2012, hakuwapo tena kumzuia, na Zenonas alikuwa ameshastaafu udereva wa lori la maziwa, kwa hiyo alipangiwa ahadi za kusafishwa meno Plungė, Mažeikiai, Šiauliai na kwingineko, kila mahali ambako mwanafunzi wa zamani wa dada yake alikuwa akifanya kazi, asiseme yeye ni nani, atoke tu na kueleza. Dada yake alimsubiri nje akizunguka gari. Zenonas alisafishwa meno mpaka akaanza kuona baridi akipumua. Na taarifa hazikuwa nzuri. Pa kwanza hakuulizwa chochote, aliambiwa tu anavuta sana. Pa pili aliulizwa, lakini na mtu aliyesimama, amempa mgongo, anaandika kwenye kompyuta. Pa tatu binti alikuwa mkarimu, akampa dawa ya bure, akasahau. Marehemu alisikiliza ameshika usukani, akasema, "Miaka kumi na saba, Zenonas. Nilikuwa nikipiga kelele kwenye chumba kitupu." Zenonas akamwambia, "Dada, wanakumbuka mengine, mikono yao ni myepesi." Akajibu kwamba hata mkono wake siku ile ya Pasaka ulikuwa mwepesi.

Mwezi Septemba 2023 alianza kuumwa tumbo na kupungua, akasema ni mwendo, na tarehe 19 Oktoba madaktari wakatuambia ni saratani ya kongosho, na kwamba kilichobaki ni kumtuliza. Neno hilo, kumtuliza, lilituchekesha hata siku ile, maana ni nani aliyewahi kumtuliza Leokadija. Alipigana na kitanda hadi Januari 2024, miguu ikakataa, akahamishiwa hospitali ya uangalizi mjini Telšiai, na hapo kwa mara ya kwanza alilazimika kukaa mahali pamoja, na kilichomtesa zaidi ya maumivu, alituambia wazi, ni mama. Alisema akifumba macho anausikia ule mlio wa meno. Alisema, "Nikimkuta nitamwambia nini? Kwamba niliwafundisha mamia, na hakuna aliyejifunza?" Jolita alimwambia mama yake kwamba bibi alimsamehe zamani. Marehemu akamjibu, "Alinisamehe siku ileile. Hilo ndilo baya."

Tarehe 20 Februari asubuhi mwanafunzi wa usafi wa kinywa kutoka Kaunas aliletwa wodini kwa mafunzo ya kuwahudumia vinywa wagonjwa wasiojiweza. Aliitwa Skaistė Norbutaitė, msichana mrefu wa mwaka wa tatu, hakujua mgonjwa wa dirishani ni nani, na kwenye kibao cha kitanda pameandikwa jina tu. Zenonas alikuwapo, alitaka kusema, dada yake akamkandamiza kidole kwa nguvu ambayo hakudhani bado anayo. Skaistė aliingia na sinia yake, akaiweka juu ya kabati, akavaa glovu moja, akavaa ya pili. Marehemu alikuwa akimtazama mikono, na uso wake ukasawijika, Zenonas aliuona ukisawijika, akageuza kichwa ukutani kama mtu aliyekwisha kupata majibu yake. Kisha yule msichana akasimama kama aliyesahau kitu jikoni, akasema peke yake, "Aa, samahani," akazivua glovu zote mbili, akazitupa, akatafuta kiti, hakikuwapo, akaenda kuleta kimoja kutoka ukumbini, akaketi mpaka macho yake yakawa sawa na ya mgonjwa, akasema, "Bibi, kabla sijakugusa, naomba uniambie kinywa chako kinakufanyia kazi gani."

Marehemu aligeuza kichwa kutoka ukutani. Alimwuliza, kwa sauti ile ya darasani, nani amemfundisha hivyo. Skaistė, akidhani amekosea, alijieleza haraka haraka, "Ni mwalimu wetu wa vitendo, Mwalimu Vaidilė Juknaitė, bibi, hatuachii tushike chombo kabla hatujakaa, tukisahau anatutoa nje tubishe hodi. Ana hadithi ya mama mmoja mwimbaji. Ningeendelea na glovu leo ningefeli." Zenonas alimtazama dada yake, na anaapa mbele yenu kwamba alikuwa analia na kucheka pamoja, kwa sababu yule aliyesema ushamba, yule aliyebishana mlangoni, ndiye aliyelibeba swali, na hatukujua hata kwamba amekuwa mwalimu, wala hakuwa kwenye orodha ya kupelelezwa, kwa kuwa marehemu hakuwahi kumtumainia. Kisha marehemu akamjibu binti swali lake, taratibu, kwa kinywa kilichokauka. Alisema, "Kinywa changu kilimnyamazisha mama yangu. Baada ya hapo kilifanya kazi ya kuuliza." Skaistė hakumfariji wala hakumwambia si kitu. Alivaa glovu mpya, akasema, "Basi tukilainishe, bibi, kisije kikakauka ukiwa na la kusema," akamlowanisha midomo kwa sponji, akamsafisha jino kwa jino, na marehemu alifumba macho na kutulia, na mlio, alituambia jioni ile, haukuja.

Baada ya hapo alikuwa na maagizo machache, akayatoa bila haraka, jambo ambalo lilitutisha kuliko ugonjwa. Alitaka azikwe Luokė kando ya mama. Alitaka Milima iimbwe yote, bila kuruka ubeti. Alifariki tarehe 7 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, siku nne baada ya kutimiza miaka sabini na mitatu, watoto wake wakiwapo. Na jana, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000, Leokadija alibaki ndani ya chumba tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hakutoka kupanga makoti, na pale kwenye wimbo wa tatu, panapopanda, Zenonas alipuliza na kutazama upande wake, akaona amekaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Telšiai waliomvumilia mgonjwa aliyewasahihisha, majirani waliopika na kulisha mbwa wake, waimbaji wetu, chuo alichofanyia kazi, Mwalimu Vaidilė aliyefunga safari kutoka Kaunas na kusimama tangu asubuhi mpaka tulipomwambia aketi, na wewe Skaistė, binti yetu, uliyekwenda kuleta kiti ukumbini. Mwombolezeeni kwa kufungua vinywa leo kwenye chakula, msione haya, wala hakuna atakayewakagua.

Agizo lake la mwisho lilihusu kile kiberiti. Tumekiweka kwenye mfuko wa kulia wa gauni lake, vifuniko vyote viwili vimo, kwa kuwa alisema hatavirithisha wala hataviacha darasani, atampelekea mwenyewe mwenye mali. Mama yuko hapo kando, dada, hatua moja tu, huna haja ya kukimbia. Mpe vitu vyake, kisha uketi karibu naye, upumzike.